Angesema Sumu, Nisingeingia

Nikianza kusimulia kwa kifua nitakuwa nimeruka. Ugonjwa wangu haukuanzia kifuani, ulianzia jikoni, nyumbani kwangu Izia, asubuhi ya kipupwe yenye upepo ule wa Ufipa unaopenya blanketi. Naandika kwa sababu sasa napumua. Sipumui kama zamani, lakini pumzi inatosha kukaa na kujaza ukurasa bila kulala chini katikati. Na najua yuko mwanamke mwenzangu mahali fulani ambaye mume wake ameingiza tindikali ndani ya nyumba na hajamwambia ni nini. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine mkisoma, sawa.

Mume wangu anaitwa Deus, fundi redio, ana kibanda chake Chanji. Ilikuwa mwaka ule wa foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na betri za redio ndizo hazikuwepo hata kwa foleni. Redio isiyo na betri haiimbi, isipoimba haiharibiki, na isipoharibika fundi hali. Basi Deus akanunua kwenye mnada mitambo chakavu ya simu, masanduku ya chuma yaliyojaa visahani, nyaya na swichi ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu. Watu walimcheka. "Deus, sasa utampigia nani?" Naye akacheka nao, akayabeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani, sanduku moja moja.

Jioni tukakaa pamoja tukikata ncha za zile swichi kwa koleo. Kila ncha ilikuwa na nukta nyeupe inayong'aa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Aliniambia ni vipuri. Nilikata nikiimba, mtoto wetu Skola amelala mapajani. Alikuwa bado ananyonya, ndiyo kwanza ameanza kutambaa.

Zile nukta zilikuwa madini ya fedha. Sonara mmoja alikuwa amemfundisha Deus namna ya kuyatoa: unazitia ncha kwenye tindikali kali, siyo ile ya betri, ile nyingine ya masonara. Fedha inayeyuka na kuwa maji. Kisha unatumbukiza waya wa shaba, na fedha inarudi chini ya chombo kama unga wa kijivu. Unaukausha, unauchoma, unapata kidonge. Mnunuzi alikuwa ng'ambo ya mpaka. Na mwaka ule mtu akikutwa na katoni ya sabuni ambayo hawezi kuieleza aliitwa mlanguzi, akaondoka na askari. Sasa mtu mwenye kidonge cha fedha mfukoni angeitwaje?

Haya yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua jambo moja tu.

"Leo jikoni usiingie," Deus aliniambia akifunga kamba mlangoni.

"Nipike wapi?"

"Kwa jirani. Leo tu."

"Kuna nini?"

Akaangalia pembeni. "Ni mwiko, Mama Skola. Kazi ya babu hiyo. Mwanamke hasogei."

Ni lazima nieleze hapo. Babu yake Deus alikuwa wa ukoo wa wayeyusha chuma. Hata leo ukitoka Kaengesa ukaingia porini utakuta tanuri la udongo refu kupita mtu, limebomoka upande, miti imeota ndani. Siku za kuyeyusha, wanaume walihamia huko, hawalali na wake zao, na mwanamke hakaribii. Tanuri lilifungwa kila upande. Wazee wanasema jicho la mtu asiyehusika likiingia, chuma kinakataa kutoka.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne kwa masista. Nilimwambia, "Babu yako alikuwa na tanuri porini, Deus. Wewe unalo jiko langu."

"Ndiyo maana nakuomba."

Akapanda baiskeli akaenda kufungua kibanda, ili balozi wa nyumba kumi akipita amwone yuko kazini kama siku zote.

Mwenzangu, sikiliza hapa. Angeniambia sumu, nisingeingia. Mimi sumu naiogopa kama mtu yeyote. Lakini aliniambia mwiko, na mwiko ni kitu ambacho masista walinifundisha kukicheka. Alichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kwake. Lingemwepusha na maswali. Halikuniepusha mimi na kitu.

Skola alikuwa juani kwenye mkeka, analia njaa, na sufuria ya uji wa ulezi ilikuwa jikoni. Nikafungua kamba. Ndani kulikuwa na joto. Deus alikuwa ameziba mwanya wote kati ya ukuta na paa kwa magunia na udongo, kama babu yake alivyofunga tanuri, na juu ya majivu ya moto kati ya mafiga alikuwa ameweka jagi letu la kioo. Lile la harusi. Limefunikwa sahani. Tindikali kwenye baridi inafanya kazi polepole, basi akaipa joto la jiko langu.

Moshi ulikuwa wa rangi ya chungwa. Sijawahi kuona moshi wa rangi ile kabla wala baada. Ulikuwa umekaa nusu ya nyumba, mzito, kama kitu kilicholala. Nilidhani kuna kinachoungua. Badala ya kutoka nikaanza kuvuta magunia ili utoke, nikikohoa, macho yakiwaka, mpaka nikaufungua upande mmoja. Ndipo nikachukua sufuria na kutoka.

Nikakohoa uani kidogo. Ikapita. Hilo mlikumbuke: ilipita. Nilimlisha mtoto, nikaenda kuchota maji, nikafua nepi. Mchana mzima nilikuwa mzima. Jua lilipoanza kushuka nikaona siwezi kuinua ndoo. Jua halijazama nilikuwa nimeketi nimeinama mbele, povu la rangi ya waridi linanitoka mdomoni, na kila pumzi ilikuwa kama kunywa maji badala ya hewa.

Deus alinikuta hivyo. Alitazama kamba ya mlango wa jiko, akanitazama, nikaona uso wake ukibadilika. Akanifunga kwenye keria ya baiskeli kwa khanga, akanisukuma mpaka hospitali huku analia. Lakini mapokezi walipouliza imeanzaje, akajibu yeye. "Baridi. Alilala kwenye baridi."

Nimonia, wakasema. Mtungi wa hewa ulikuwa mmoja wodini, tukawa tunapokezana, mimi na bibi mmoja wa Laela aliyekuwa na moyo mbaya. Yule bibi akishapata zamu yake alikuwa anausukuma mwenyewe kunielekea. "Chukua, mwanangu, mimi nimekwisha kula." Sikumjua jina. Nikapona, nikarudi nyumbani, nikaanza hata kupalilia.

Wiki chache baadaye homa ikarudi na kikohozi kikavu kisichokoma. Hii nayo mkumbuke, kwamba inaondoka na inarudi. Wakanipiga picha ya kifua. Daktari kijana, mpole, akaiinua dirishani. Mapafu yangu yalikuwa yamejaa vidoa vidogo kila mahali, kama mtu aliyemwagiwa ulezi.

"Kifua kikuu," akasema. "Kile kinachosambaa. Kuna mtu nyumbani anakohoa?"

"Hapana," akasema Deus.

Nikageuka kumtazama. Chini ya meza alikuwa ameushika mkono wangu, anaubana mpaka vidole vinauma.

Njiani aliongea kwa mara ya kwanza habari ya tindikali na fedha, yote. "Ukisema nimekwisha. Nikifungwa nani atakulisha? Na wewe sasa hivi jembe huliwezi."

"Na kama siyo kifua kikuu?"

"Daktari kaona kwenye picha. Wewe unajua kuliko picha?"

Sikujua kuliko picha. Ndivyo alivyonipata.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Kaengesa siku ileile aliyosikia. Ni mwanamke mrefu, mkavu, hana maneno mengi, na yeye ndiye mtoto wa yule babu wa tanuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiwa mbali, mlangoni. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya jiko kutoka kwa mwanawe.

"Uliambiwa usiingie," akasema.

"Mama, ule ni moshi wa tindikali."

"Uliambiwa ni mwiko, ukaingia. Sasa unaita majina mengine." Akamfunga Skola mgongoni. "Mtoto hakai na kifua kikuu. Hata hospitali wamesema."

Kweli, walikuwa wamesema. Skola aliondoka akinitazama juu ya bega la bibi yake, hajalia, alidhani wanaenda dukani. Maziwa yangu hayakujua kwamba ameondoka. Yalikuja kila saa yake, nikawa nayakamulia uani kwenye majivu, mpaka siku moja yakaacha. Nililia siku hiyo kuliko siku aliyoondoka.

Nyumbani nikapewa kikombe changu, sahani yangu, mkeka wangu. Deus alilala kibandani Chanji. Alisema ni kwa ajili ya wateja.

Kila asubuhi nilikwenda kliniki kuchomwa sindano na kupewa vidonge. Benchi lilikuwa nje, kwenye ukuta unaopata jua mapema, na tuliopigwa baridi ya kipupwe tulijibana pale kama kuku. Jirani yangu wa benchi alikuwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka mjini, mnene, mcheshi, ugonjwa ulikuwa umempunguza lakini haukumnyamazisha. Alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili, akanimiminia bila kuuliza.

"Sisi wote wa hapa tumetengwa vikombe," akasema. "Tukichangia wenyewe kwa wenyewe, tutaambukizana nini tena?"

Tulianza sindano kipindi kimoja. Yeye alianza kurudisha mwili. Mashavu yakajaa, akalalamika kwamba blauzi zinambana. Mimi makalio yaliisha mpaka nesi akawa anatafuta mahali pa kuchoma. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mteremko wa kwenda kisimani, ambao niliupanda na ndoo kichwani nikiwa na mimba ya miezi minane, sasa niliupanda nikisimama kwenye kila jiwe. Na masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba kama redio ambayo haijakamata stesheni.

"Wewe dawa unameza au unatupa?" Mama Zuhura aliniuliza siku moja.

"Nameza."

"Basi mbona mimi nanenepa, wewe unakwisha? Si tunachomwa sindano ileile?"

"Masikio yako yanalia?"

"Yangu? Hapana. Lakini kuna mzee tulianza naye, sasa ukimwamkia anakujibu habari ya mbolea. Zile sindano zinakula masikio ya watu." Akanitazama vizuri. "Mwambie daktari."

Nikamwambia daktari habari ya masikio. Akaandika. Akasema tuvumilie, kwa sababu kifua hakijasafika, huenda ikabidi waongeze miezi.

Kipupwe kikaisha. Likaja lile joto kavu la kabla ya mvua, vumbi jekundu, mioto milimani. Ndipo asubuhi moja nikamkuta mama mkwe kwenye benchi letu, Skola mapajani. Deus amesimama nyuma yao na baiskeli.

Skola alikuwa anakohoa. Kikohozi cha mafua, mama yeyote anakijua, kina kamasi, kinakuja na kuondoka. Lakini alikuwa mtoto wa mgonjwa. Tukaitwa sote ndani, mimi nikasimama mbali kama nilivyozoeshwa. Daktari akamsikiliza mgongo, akasoma cheti changu, akamwambia nesi, "Huyu tumwanzishe naye. Sindano, kama za mama yake. Hatuwezi kusubiri."

Nesi akageuka kuchukua trei.

Sijui kama mmewahi kuona sindano inaandaliwa kwa ajili ya paja la mtoto ambaye hana ugonjwa huo. Nilisikia mlio wa masikio yangu mwenyewe. Mtoto hajajifunza kusema hata maneno matano, na watayachukua masikio yake ili baba yake asiulizwe swali.

"Daktari, subiri," nikasema.

"Mama Skola," akasema Deus. Polepole, kama unavyomwita ng'ombe aliye karibu na shamba la mtu.

"Mimi sina kifua kikuu. Nilivuta moshi wa tindikali. Jikoni kwangu, kipupwe, asubuhi. Jioni nikatoka povu. Huyu hapa ndiye aliyeiweka."

Trei ilikuwa bado mkononi mwa nesi. Mama mkwe akasema, hata siyo kwangu, kwa ukuta, "Amemuuza mume wake."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa mtoto wangu, namuuza. Na mngeendelea kukaa kimya ningemuuza kwa bei ya chini zaidi."

Deus akatoka. Tulisikia baiskeli ikiangushwa, ikainuliwa, ikaenda.

Daktari akaketi. "Moshi ulikuwa wa rangi gani?"

"Chungwa. Chungwa lililoiva."

"Ulikaa nao muda gani?"

"Wa kutosha kuvuta magunia."

Akaichukua picha yangu ya kifua akaiinua tena dirishani, akaitazama kama vile ameletewa mpya. Kisha akasema jambo ambalo namheshimia mpaka leo. "Sijawahi kuona. Lakini nitasoma, na nitamuuliza mtu. Mtoto asichomwe leo." Kuhusu tindikali imetoka wapi na ilikuwa ya nini, hakuuliza. Nadhani hakutaka kujua.

Akaniacha kwenye sindano siku chache, kisha akasema ni moshi uliochoma mapafu, siyo kifua kikuu, akazisimamisha. Akanipa vidonge vidogo vyeupe, vichungu, vya kumeza asubuhi baada ya kula. Wiki ya kwanza homa ikaondoka. Wiki iliyofuata nikapanda kutoka kisimani nikisimama mara moja tu, nikakaa juu pale nikacheka peke yangu kama kichaa. Vidonge hivyo vina vituko vyake. Uso ulijaa ukawa mviringo kama andazi, nywele zikaota kwenye mashavu, njaa ikawa ya kuaibisha, na hasira, ambayo sikuwa na upungufu nayo, ikaongezeka. Mama Zuhura aliponiona akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Nilikuombea unenepe, sikusema kichwa peke yake." Hata mwezi huu mlio wa masikioni bado upo. Daktari amesema huo hautaondoka.

Askari hakuja. Deus hakujua hilo, maana alikuwa amekimbilia kwa mjomba wake upande wa ziwa. Kabla ya kukimbia aliyamwaga maji yake yote, yale ya bluu yaliyobaki baada ya fedha kutoka, shambani kwetu juu ya ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaoze. Mvua zilipoanza tukayatawanya matuta, mimi na mama mkwe, tukasia ulezi. Ukaota kote. Pale alipomwaga hapakuota hata gugu. Mama mkwe alisimama na jembe lake kwenye kile kipara cha ardhi. Akachukua udongo kwenye kiganja, akaunusa, akautupa, akafuta mkono kwenye kitenge mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Baba yangu," akasema, "pale tanurini aliacha majani yanaota."

Hiyo ndiyo samahani aliyonipa, na niliipokea.

Skola, ambaye hakuchomwa sindano hata moja, alirudi mvua zikiwa katikati. Hakunijua. Uso wangu haukuwa ule, na titi alikuwa amekwisha kulisahau. Alijificha nyuma ya kitenge cha bibi yake, akanichungulia kama mgeni wa serikali. Nilijifunza kutomvuta. Nilikaa tu chini, napepeta ulezi, mpaka siku moja akaja kuchota ungoni kwa mkono wake akamwaga, nikamwacha amwage.

Deus alirudi mwisho wa masika, amekonda, ana kidonge cha fedha ukubwa wa harage kwenye kitambaa. Akaniwekea kiganjani. "Ndicho kilichotoka," akasema. Masanduku yote yale. Niliteremka mpaka chooni nikakitumbukiza, nikarudi nikamwambia ugali upo mezani. Anaishi hapa. Anatengeneza redio. Tunaongea. Kuna siku sina hasira naye kuanzia asubuhi mpaka saa nne.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoweza kuinua jembe ni kutoboa dirisha kwenye ukuta wa jiko. Mwenyewe, kwa awamu, nikipumzika. Kubwa, lisilo na mlango. Majirani wanasema nimejenga jiko la kupikia upepo, na kweli kipupwe hiki, cha pili tangu nilitoboe, tumeota moto tukiwa tumejifunika mablanketi. Daktari anasema mapafu yangu yalipofika ndipo yalipo. Nitalima kidogo, nitapanda mlima polepole. Sawa.

Juzi baridi ilikuwa kali. Skola, ambaye sasa anatembea na kuongea kila kitu, alichukua gunia akajaribu kuliziba dirisha, amesimama juu ya kinu. Bibi yake alikuwa anakoroga uji. Akapiga kelele kabla yangu.

"Shuka. Dirisha hilo halizibwi. Ni mwiko."

Nikaacha nilichokuwa nimeshika. "Mama," nikasema, "usimwambie hivyo."

Akanitazama, mwiko wa kukorogea mkononi, uji unadondoka. Nilidhani atanuna. Akageuka kwa mjukuu wake, akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Mama yako alivuta moshi mbaya humu ndani," akamwambia. "Sumu. Ulikuwa hauna pa kutokea. Nusura afe. Umenielewa?"

Skola akanitazama mimi, akatazama dirisha, akalivuta gunia chini kwa mikono miwili.